Pole Niliyompa Mkwe Kabla ya Msiba

Wenzangu wa kikundi, leo nimejianika mbele ya wakwe. Mchana kweupe, kanga nimejitanda, na akili zangu zote ninazo.

Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Zawadi hataki kuniandikia (mtaelewa mbele kwa nini). Herufi zikipinda mnisamehe, shule yangu iliishia pale mwalimu Gervas alipohamishwa.

Mnajua mjukuu wangu Zawadi ana mchumba, Donal, yule kijana wa Ireland. Mimi namwita mume wangu, naye kashazoea, ananiita mke mkubwa. Leo wazazi wake wamekuja hapa kwetu Hagsätra, huku Uswidi, kujitambulisha, mara ya kwanza. Baba anaitwa Fintan, mama anaitwa Nuala. Baba yake Zawadi hayupo duniani, Mungu amrehemu Elias. Mama yake, mwanangu Modesta, ukwe unamtia haya. Kwa hiyo mkubwa wa nyumba ni mimi.

Wiki nzima Zawadi ananiimbia wimbo mmoja. "Bibi, mzee Fintan hajasema ndiyo. Anataka kwanza awaone watu wangu ni watu gani. Jumapili tuwe watulivu, tafadhali."

Nikamwambia, "Mimi na utulivu tulizaliwa siku moja."

(Msicheke bado.)

Sasa lazima niwaeleze mchezo, maana bila mchezo hii aibu haina mguu. Donal akija kwetu Jumapili hukaa na mimi kwenye kochi na tableti yake na Kiswahili chake cha kuokoteza, tunatazama michezo ya kwao. Kuna mpira wao wa Kigaeli, wanaudaka kwa mikono na kuupiga kwa miguu. Na kuna hurling. Hurling wanashika fimbo pana mwishoni kama mwiko wa ugali, mpira mdogo mgumu, na wanaupiga ukiwa hewani wakiwa wanakimbia. Ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu. Mtu anachapwa vidole, anavipuliza, anaendelea. Mimi mjukuu wangu akikwaruzwa na paka anaenda hospitali.

Nimetazama ubingwa wa kila jimbo lao. Jimbo la Ulster kwenye huo mpira wa Kigaeli wanachezea kama wanagombea shamba la babu, nawaheshimu. Lakini mkiniuliza upi mtamu kuliko yote, siumizi kichwa: hurling ya Munster, huko kusini kwao. Timu tano tu, Clare, Cork, Limerick, Tipperary na Waterford, na hakuna hata moja unayoweza kusema hii leo italala. Na mchezaji hanunuliwi. Unachezea ulikozaliwa, basi. Jumapili anashangiliwa na uwanja mzima, Jumatatu anarudi kufundisha watoto au kukamua ng'ombe. Mtu anaumia kwa ajili ya kwao tu. Sisi tulioacha kwetu tunaelewa hilo linavyochoma. Mimi mtu wa Ujiji, nimejikuta naipenda Clare, kwa sababu ndiko alikotoka mume wangu Donal.

Basi wageni wakafika. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikawapa alama. Halafu Donal akapitisha kikapu, kila mtu akazima simu yake akaiweka humo. Nikasema moyoni, hawa watu wamelelewa. Wanakuja kujitambulisha, hawataki simu iwakatishe.

Nikawauliza hali za nyumbani, mmoja mmoja kwa jina, kama inavyotakiwa. Bibi Brijida mama yake mzee Fintan, aliyevuka tisini, hajambo? Na Oonagh, mdogo wake Bibi Brijida, wanayekaa nyumba moja na hawaelewani, hajambo? Mjomba Seamus, goti limepoa? Na Bran, mbwa, bado anaogopa kuku? Zawadi anatafsiri huku ananitazama. Majina hayo yote nimeyapata kwa Donal, na jina likiingia kwangu halitoki. Mzee Fintan akamgeukia mkewe, akamwambia kitu. Zawadi akaninong'oneza, "Anasema shemeji zake wenyewe hawamkumbuki Bran."

Nikajua tumeshinda. (Ndiyo, nilifikiri hivyo.)

Tukakaa kula. Wali, maharage ya mawese, na samaki wa ziwani, migebuka mikavu, aliyoniletea mgeni kutoka Kigoma. Mama Nuala kumbe ni mtu wa Kerry, huko huko kusini, na Kerry dini yao ni ule mpira wa Kigaeli. Wakaanza kuchokozana.

"Hurling ni kama radi," mama Nuala akasema. "Inamulika, hujaona kitu, imepita. Mpira wetu una hadithi ndani yake."

"Mimi nilimwoa kwa uzuri," mzee Fintan akamwambia Modesta. "Kwenye mambo ya michezo nilishamsamehe."

Nami nikaingia. "Zawadi, waambie bibi yako anasema Munster. Hurling ya Munster haina mpinzani."

Mzee Fintan akaweka kijiko chini. Akanitazama kama mtu aliyesikia kilugha chake ugenini. Tukaongea michezo mpaka wali ukapoa, Zawadi akitafsiri na kunifinya chini ya meza kwa zamu. Kisha nikaona kitu. Mzee alitazama saa yake, akatazama televisheni iliyozimwa, akashusha pumzi.

Huruma ikanishika. Leo Clare inacheza na Limerick, mimi najua, na mzee wa watu yuko kwangu anachambua miiba ya mgebuka kwa adabu. Hawezi kuniomba niwashe.

Nikaenda jikoni kuchemsha chai ya tangawizi. Tableti ya Donal ilikuwa juu ya friji. Nikaiwasha. (Kuangalia kidogo tu.) Mechi ilikuwa ukingoni, chai ikamwagika sikuiona. Sare. Limerick pointi moja. Sare. Limerick tena pointi moja. Mwisho kabisa kijana wa Clare akaupiga kutoka mbali sana, mpira ukaenda, ukaenda, ukagonga mti wa goli, ukarudi uwanjani. Filimbi.

Machozi yalinitoka pale pale penye jiko.

Sasa, wenzangu, nyinyi mmelelewa kama mimi. Mtu akiwa nyumbani kwako na kwao kumetokea jambo, unamwacha akae bila kujua? Na habari mbaya haitupwi kama maji machafu. Mtu haambiwi akiwa amesimama, wala akiwa na kitu mkononi. Unamkalisha. Unajishusha. Unampa pole kwanza, neno linafuata.

Nikajitanda kanga ya pili kichwani. Nikaikumbatia tableti. Nikatoka.

Mzee Fintan alikuwa ndiyo anasimama kwenda kunawa. Nikamwonyesha kiti.

"Mwambie akae," nikamwambia Zawadi.

"Kuna nini, Bibi?"

"Akae kwanza."

Akakaa. Nikaitoa glasi ya maji mkononi mwake, polepole, nikampa Modesta. Nikashuka mpaka kwenye zulia, miguu nimekunja, nikashika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikainamisha kichwa.

Donal akaiona tableti yake. "Bibi, kuna mtu amepiga kutoka nyumbani?"

"Hajapiga mtu. Nimeona mwenyewe."

"Umeona nini?"

"Tulia, mume wangu. Anaambiwa mkubwa kwanza."

Zawadi maskini akayatafsiri yote hayo kama yalivyo. Nikausikia mkono wa mzee unapoa ndani ya mikono yangu. Akauliza jambo kwa sauti ndogo.

"Anauliza," Zawadi akasema, "ni mama yake?"

Mimi sikusikia vizuri, nilikuwa kwenye huzuni yangu. Nikasema, "Mwambie nasikitika sana. Walipigana mpaka mwisho."

Zawadi akatafsiri. Mzee Fintan akamtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Walipigana? Mama na Oonagh?"

"Oonagh ameingiaje?" nikasema. "Mwambie ni Clare. Wamefungwa kwa pointi moja, mpira umegonga mti."

Modesta, ambaye hajui hata mpira wa kawaida, akashika kifua. "Maskini Clare. Ameacha watoto?"

Hapo Donal akajishika kichwa, na maelezo yakaanza kumwagika. Kumbe mechi ilikuwa inarekodiwa. Kumbe mzee Fintan alipanga toka alipopanda ndege kwamba atakula kwa heshima, halafu jioni watakaa wote na mimi, waitazame bila kujua matokeo. Ilikuwa zawadi yake kwangu, kwa sababu Donal alimwambia mke mkubwa anaipenda Clare. Zawadi alitumwa aniambie. Alimwambia mama yake kwa Kiswidi, wote wawili wakadhani nimesikia, na mimi Kiswidi sikijui. Na kile kikapu cha simu hakikuwa cha adabu. Kilikuwa cha kuzuia matokeo yasiingie ndani ya nyumba.

Yakaingia kupitia jikoni.

Mzee Fintan akasimama, akatoka kwenda kwenye roshani, akafunga mlango. Tukaona mgongo wake tu. Zawadi akakaa chini karibu yangu, analia. "Bibi, nilikuomba jambo moja. Atasema watu wangu hawana akili."

Wenzangu, mimi nimezika, nimehama nchi. Leo nilibaki nachezea pindo la kanga kama mwari.

Aliyetuokoa ni mama Nuala. Alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha meza, nikadhani analia naye. Alikuwa anacheka mpaka hana sauti. Alipoweza kuongea akasema, "Mwacheni huko nje. Amefurahi mama yake ni mzima, na anaona aibu kufurahi siku Clare imefungwa. Hajui ashike lipi."

Mzee akarudi, macho mekundu kidogo. Akasema neno moja. Zawadi akapangusa pua. "Anasema tuwashe."

"Kuna haja gani tena?" Donal akauliza.

"Tunajua imefungwa," mzee akasema. "Hatujui ilifungwaje."

Tukawasha. Na hapa ndipo nataka mnisikilize, nyinyi mnaoniambia mpira ni ule wa Uingereza tu. Tunajua matokeo, wote. Dakika za mwanzo tumekaa kama tuko kliniki. Mara Clare wakapachika bao la wavuni, mzee Fintan akalipiga goti lake kofi. Limerick wakajibu mara tatu kabla hajamaliza kulipapasa. Vijana wanaruka na fimbo, wanaokota mpira katikati ya miguu ya watu kama kuku anavyookota mtama, wanaupiga bila kutazama mlingoti uko wapi, maana mlingoti wanao moyoni. Mpaka kipindi cha pili hakuna aliyekaa. Modesta anauliza, "Wetu ni wepi, wa njano?" huku tayari anawashangilia. Mama Nuala, mtu wa Kerry, amepanda juu ya kochi langu kwa soksi.

Ikafika ile ya mwisho. Kijana akaupiga. Na mimi niliyeiona mechi hiyo hiyo penye jiko, mimi niliyeitangaza, nikaamini kabisa safari hii utapita. Nikapiga kigelegele mpira ukiwa bado angani.

Ukagonga mti.

Tukakaa. Mama Nuala akasema taratibu, "Haya. Nimekubali. Mpira wetu ukishajua matokeo unakwenda kupika. Huu hauna habari na matokeo."

Mzee Fintan akavuta kiti chake mbele yangu. Akanipa mkono wake, kama pale mwanzo. Zawadi akatafsiri. "Anasema sasa unaweza kumpa pole."

Nikampa, yote, kwa utaratibu. Akaisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akasema kwao mtu akifungwa anaambiwa "mwakani" na kugongwa begani, basi. Hajawahi kuona mtu anashuka mpaka chini kwa ajili ya Clare. "Nilikuja kuwaona watu wa Zawadi," akasema. "Nimewaona. Kwangu ni ndiyo. Naomba jambo moja tu: harusi isiwe kwenye miezi ya mechi za Munster. Ndugu zangu nusu hawatakuja, na hao watakaokuja watakuwa chooni na simu."

Busara iliyoje. Sikungoja mtu. Nikasimama, nikamshika mkono, nikamtikisa, nikasema, "Imepita. Nani mwenye akili anafunga ndoa Clare ikiwa uwanjani?" Na neno la mkubwa wa nyumba likishatoka mbele ya wakwe, mnajua wenyewe, halimezwi.

Nikamgeukia Zawadi nifurahi naye. Alikuwa amesimama mdomo wazi. Ndipo Modesta aliponivuta sikio. Kumbe Zawadi harusi ameipanga mwezi wa sita mwakani, mechi za Munster zikiwa zimechacha. Kiangazi, kando ya maji, jua lisilotaka kuzama, gauni la mikono mifupi.

Sasa itakuwa Novemba, mechi zote zimekwisha, wakati jua la hapa linachungulia mara moja na kurudi kulala. Mtakaokuja, leteni makoti mazito. Na atakayenicheka kwenye hiki kikundi, sahani yake ya pilau naijua mimi nitakayeipakua.