Ombi la Kusafirishwa Kama Kabati

Khar Usan,
Jumamosi.

Kwa Bwana Choijamts,
Mkurugenzi,
Kampuni ya Mabasi ya Upepo wa Kaskazini.

Bwana Mkurugenzi, mwanafunzi wangu mpendwa,

Natumaini majira haya ya kuchipua yanakupitia kwa amani, na kwamba mbuzi wa mzee wako wamezaa bila hasara. Huku kwetu vumbi linaendelea vizuri.

Mimi ni Mwalimu Tsevelmaa, niliyekufundisha hisabati na fizikia ulipokuwa darasa la sita B. Ulikuwa ukikaa karibu na jiko. Kila kitu kilipovunjika na mimi nikauliza nani kakivunja, ulikuwa na jibu tayari kwamba kitu hicho kilikuwa hivyo tangu jana. Nilijua tangu wakati ule kwamba utafika mbali. Na kweli umefika, ingawa abiria wako bado.

Naandika kuhusu safari ya basi lako ya Jumatano, kutoka mjini kwenye makao ya mkoa kuja hapa Khar Usan. Nilikuwamo pamoja na wifi yangu Yanjmaa, ambaye amepita miaka sabini na ambaye siku iliyofuata alingojewa nyumbani kwa jambo kubwa. Mjukuu wa mdogo wake anatimiza miaka mitatu, na lama wa hekalu letu alikwisha angalia kitabu chake cha nyota akasema nywele za kwanza za mtoto zikatwe na Yanjmaa, si mwingine. Wazazi wa mtoto walikuwa wamealika ukoo mzima. Naeleza haya si kwa kulalamika, bali ili ujue tulikuwa na sababu ya kutaka kufika. Nasikia ofisini kwako sababu hiyo huwa haieleweki.

Haya ndiyo maoni yangu, kwa utaratibu.

1. Kuhusu muda. Tiketi ilisema saa mbili asubuhi. Tuliondoka saa nne na robo, kwa sababu dereva wako, Ndugu Purevjav, alikuwa anapakia. Sina neno na hilo. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi niliipokea kama methali: ina hekima yake, lakini haifuatwi neno kwa neno. Alipakia magunia ya unga, jiko la chuma, na mwisho kabati la nguo la milango mitatu, ambalo liliwekwa kwenye njia ya katikati, mbele ya mlango wa dharura. Nilimuuliza, "Ndugu Purevjav, ikitokea dharura tutatokea wapi?" Akanijibu kwa upole, "Mama, kabati lina milango mitatu."

2. Kuhusu tairi. Tulipovuka kilele cha mlima, pale kwenye rundo la mawe ya sala, dereva hakushuka kulizunguka mara tatu kama ilivyo desturi ya kuombea safari. Alipiga honi mara tatu, akapita. Baada ya mwendo wa nusu saa, tairi la nyuma la kushoto lilichomoka likatupita. Choijamts mwanangu, nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne, nikichora mishale ubaoni, na sikuwahi kupata mfano mzuri namna ile. Tairi lilikwenda mbele yetu kwa mwendo wa haki, likakata kundi la mbuzi katikati, likapanda kijilima na kujilaza upande wa pili. Sisi, kwa upande wetu, tuliteremkia kwenye mkondo wa mto mkavu, tukaegemea ukingo. Basi halikupinduka. Kilichopinduka ni kabati, na lilimwangukia Yanjmaa. Mkono wake wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Niliusikia, na nilikuwa viti viwili nyuma yake.

Ndugu Purevjav alitoka, akazunguka basi mara moja, akarudi kututuliza. "Msiwe na wasiwasi," akasema. "Limetoka moja tu. Yamebaki matano."

3. Kuhusu simu. Simu inashika juu ya kilima tu. Nilipanda, nikampata karani wako, Bibi Oyunchimeg, ambaye ana sauti nzuri sana, na nayaandika mazungumzo yetu kama yalivyokuwa.

Nilimwambia, "Binti yangu, tairi la basi limechomoka."

"Limekwenda wapi?"

"Liko nyuma ya kilima. Tunaliona. Lakini mtu amevunjika mkono."

"Yuko kiti namba ngapi, mama?"

"Kumi na moja."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Kwenye orodha yangu, kiti cha kumi na moja hakina mtu."

"Basi hata mkono haujavunjika?"

"Sijasema hivyo, mama. Nasema sijaandikiwa."

Akanisomea utaratibu: basi la akiba litafika baada ya saa mbili, na abiria wasiondoke mahali pa basi hata kidogo, kwa usalama wao. Nikamshukuru. Naomba uandike hapo ulipo kwamba nilimshukuru.

4. Kuhusu kungoja. Ndugu Purevjav alipata pikipiki iliyokuwa inapita, akapanda nyuma kwenda kutafuta nati za kufungia tairi. Kabla ya kuondoka alitutoa sote nje, abiria kumi na tisa, akafunga mlango kwa ufunguo. Gombosuren, muuza viatu wa sokoni kwetu, akamfokea: "Wewe! Unatufungia nje na upepo huu?" Dereva akasema amri ni ya kampuni: basi lisilo na dereva halikai na watu, wasije wakaliharibu. Tulilitazama lile basi lililoegemea ukingo wa mto, tukajitahidi kufikiria tungeliharibu kwa namna gani.

Hapa, Bwana Mkurugenzi, lazima niingize lalamiko dhidi yangu mwenyewe, kwa kuwa sijui pengine pa kulipeleka. Kilomita mbili kutoka pale palikuwa na hema la wafugaji. Tuliona moshi wake vizuri. Gombosuren akasema, "Mwalimu, ule moshi unatuita. Twende." Wengine wakaanza kufunga vilemba na kuinua kola. Mimi nikasema hapana. Nikasema tumeambiwa tungoje hapa, basi la akiba likija likatukosa itakuwa kosa letu. Nusu ya watu wale niliwafundisha. Hawakujua kunikatalia. Niliwapanga mstari ubavuni mwa basi, wazee katikati, nikawahesabu kila baada ya nusu saa kana kwamba tuko kwenye matembezi ya shule.

Upepo ulivuma vumbi mpaka midomo ikapasuka. Yanjmaa alikaa juu ya jiwe, mkono kaufunga kwa mshipi wake, umevimba kama unga uliotiwa hamira. Mimi kila mara nilimwambia, "Bado kidogo, wifi." Saa mbili zikapita, ikapita ya tatu. Ilipofika saa tisa na nusu alisimama, akanitazama usoni.

"Tsevelmaa," akasema, "nilikutii uliponiambia niache kuvuta ugoro. Nilikutii uliponiambia nivae miwani. Lakini umri ulionibakia hautoshi kuitii kampuni. Mimi nakwenda kunywa chai."

Akaanza kutembea. Wote wakamfuata, hata wale niliowapa alama nzuri. Nilibaki peke yangu na basi lako, Choijamts. Nililitazama, nikasoma maandishi ya Kikorea kwenye mlango wake, ambayo hakuna anayejua yanasema nini, na nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele ya darasa lolote. Kisha nikawafuata mbio.

5. Kuhusu ukarimu. Ninalalamika kwamba kampuni yako imewaachia kazi yake watu wasio na sare wala ofisi. Bibi Khandjav na mumewe hawakutuuliza kiti namba ngapi. Mama yule alitazama watu kumi na tisa mlangoni pake, akasema, "Ingieni, ingieni, mbona mmekawia? Tangu mchana nawaona mmesimama pale, nikadhani mnapiga picha." Akatupa chai ya maziwa yenye chumvi, kisha supu ya kondoo. Mumewe aliunyosha mkono wa Yanjmaa na kuufunga kwa vibanzi anavyotumia kwa mbuzi waliovunjika miguu. "Mbuzi huwa anatembea baada ya wiki tatu," akamwambia. Yanjmaa akajibu, jasho likimtoka, "Basi mimi nitapanda milima."

6. Kuhusu basi la akiba. Hili ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Lilikuja! Saa kumi na moja jioni, tukiwa bado na mabakuli mikononi, tuliona vumbi lake. Gombosuren alitoka mbio akipunga koti, akikimbia kama kijana, na mwenzangu yule ana tumbo. Tuliona watu wawili wakishuka. Walifungua basi lililokwama. Walitoa unga, wakatoa jiko. Walilitoa kabati kwa uangalifu mkubwa, mmoja akilipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Walitoa mabegi yetu yote. Walipanda kilimani wakalileta hata lile tairi. Kisha wakaondoka. Gombosuren alikuwa amebakiza hatua mia tatu.

Kabati lilifika Khar Usan jioni ileile, salama, bila mkwaruzo.

Mabegi yetu nayo yalifika, yakapelekwa hadi mlangoni kwa Enkhjin, mama wa mtoto. Fikiria, mwanangu. Binti yule anafungua mlango, anaona mabegi ya wazee wawili na hakuna mzee hata mmoja, na nyuma ya mabegi anaona tairi. Akamuuliza dereva wa basi la akiba, "Wenyewe wako wapi?" Dereva akasema, "Wameamua kubaki." Binti akauliza, "Kubaki wapi?" Akajibiwa, "Njiani." Enkhjin aliwasha taa ya samli ya kuwaombea wafu mbele ya picha za mababu, akalia kutwa nzima ya Alhamisi, wageni wakiwa wamekaa na nyama ikipoa. Simu zetu zilikuwa zimekwisha chaji, na hemani hazishiki hata hivyo.

Tulipofika Ijumaa mchana, juu ya lori la manyoya ya mbuzi, gari la kwanza kupita pale hemani baada ya siku mbili, walikuwa wanazungumza namna ya kuja kututafuta. Enkhjin alimkumbatia Yanjmaa mpaka Yanjmaa akapiga kelele kwa ajili ya mkono. Mtoto alikuwa bado na nywele zake zote. Wageni walikuwa wamegoma kuondoka, na hakuna aliyethubutu kugusa mkasi. Yanjmaa alizikata kwa mkono wa kushoto, vibaya sana, upande mmoja karibu na sikio. Ukoo mzima tukasema hatujawahi kuona zilizokatwa vizuri kama zile.

7. Kuhusu radhi. Leo asubuhi tumepokea kutoka kwako kalenda yenye picha ya basi, pamoja na fomu ambayo Yanjmaa anatakiwa kutia sahihi, inayosema kwamba abiria aliacha safari kwa hiari yake na kwamba jeraha limesababishwa na kabati. Hawezi kutia sahihi. Mkono anaotumia ndio huo uliovunjwa na kabati.

Kwa hiyo, baada ya kufikiri sana, natoa ombi ambalo naamini halitakusumbua. Naomba mimi na wifi yangu, na abiria wote wa Khar Usan, tuandikishwe kuanzia sasa kama mizigo. Tutakaa kwenye njia ya katikati. Tukikwama tutafuatwa siku hiyohiyo. Tutapanguswa vumbi. Tutabebwa na watu wawili, tutafikishwa mlangoni, na mpokeaji atatia sahihi kwamba tumefika wazima. Nikikumbuka jinsi lile kabati lilivyobebwa, nakiri sikuwahi kubebwa hivyo hata siku ya harusi yangu. Kama sheria inataka tuwe na milango, tutatafuta.

Nisalimie mkeo na watoto. Nisalimie mama yako, ambaye alikuwa akija shuleni kila mkutano wa wazazi, hata kwenye tufani ya theluji, kwa miguu. Nisalimie Bibi Oyunchimeg na sauti yake. Mpe salamu Ndugu Purevjav, ambaye si mtu mbaya, na umuulize kama amepata nati.

Aliyekuwa mwalimu wako, na asiyejutia alama alizokupa,

Tsevelmaa,
mwalimu mstaafu.

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha ikunja barua hii ili nimpe dereva wa lori la manyoya aipitishe kwa waendesha pikipiki hadi kwako, mara Gombosuren akaja na habari kutoka ofisi ya wilaya. Kumbe yeye aliwahi kukupigia simu jana, akakutukana. Tangazo limebandikwa: kwa sababu ya malalamiko mengi ya abiria, basi la Khar Usan halitakuja tena kuanzia wiki ijayo. Daktari wetu wa hapa anasema mfupa wa Yanjmaa umekaa upande, na ni lazima apelekwe hospitali ya mkoa kabla haujashika hivyo. Ana miadi Jumanne. Lori la manyoya linaishia nusu ya njia, na hakuna gari jingine.

Bwana Mkurugenzi, nimeisoma upya barua hii na naona ina makosa mengi. Tafadhali futa lalamiko la kwanza hadi la saba. Muda ulikuwa mzuri. Tairi lilikuwa hivyo tangu jana. Fomu tumeitia sahihi: mimi nimemshika mkono wa kushoto, naye akaandika. Jumatatu tutakuwa kituoni tangu saa mbili, sote kumi na tisa, na tutangoja hata mpaka saa nne, hata mpaka jioni. Mwambie Ndugu Purevjav asihangaike na nati. Gombosuren amezitafuta nyumba kwa nyumba, amepata nane, na tutakuja nazo.