Jenerali Atoe Ua Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku mbaya. Mama Nyanjige, mwenye nyumba, ametoa amri. Jumamosi jumuiya yake inasali hapa, na kibaraza kimejaa vyungu vyangu vya kaktasi. Kama hadi siku hiyo hakuna ua hata moja, vyungu vinahamia kwenye banda la kuku, na kibaraza anapewa Judica aweke mawaridi yake. Judica ni nesi, mpangaji mwenzangu. Alikuwepo. Alinitazama kwa huruma. Huruma ya fisi kwa mbuzi kiguru!

Miaka minne! Mbegu hamsini kutoka milima ya Ajentina, ndogo kama ugoro, nimezinywesha kwa bomba la sindano. Imebaki miche mitatu. Mkubwa ni Jenerali, sasa ana ukubwa wa limau. Mimi Cyprian, afisa ugavi, mwana wa Muleba, mwenye shahada, siwezi kushindwa na kuku.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Mtandaoni wanasema kaktasi za milimani hazichanui mpaka zionje baridi kali. Hapa Bariadi baridi iko wapi? Kwenye friza ya Mama Nyanjige, anamogandishia barafu za ubuyu! Nikamfunga Jenerali kwenye mfuko mweusi, nikamlaza chini ya sato.

Saa moja baadaye Mama akaingiza mkono kutafuta kitoweo. Miiba kumi na saba. Judica ameihesabu akiichomoa kwa kibano. Mama ameuliza ni nani anafuga nungunungu kwenye friza yake. Nimesema ni utafiti. Amesema nikale utafiti huo na ugali.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimepakwa majivu. Nimeamua Jenerali naye afunge: hakuna maji mpaka Jumamosi. Jioni mvua imekuja kwa ubavu, kibaraza kimegeuka bwawa. Siku ya kwanza ya Kwaresima na keshafungulia!

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Ubavuni mwa Jenerali kumeota kidude cha kahawia chenye manyoya. Ugonjwa, hakuna kingine. Judica amepita, akainama, akasema huenda ni kitumba cha ua, nikiache. Nimemsoma mara moja. Anataka ugonjwa uenee! Nimeazima kibano chake, nikakinyofoa, nikakitupa kwenye mawaridi yake. Kama ni ugonjwa, utajua pa kwenda.

Nimelala na amani.

Ijumaa, 7 Machi

Jenerali hana ua. Basi atapewa. Leo nilikuwa na safari ya kikazi Nkoma. Kando ya barabara nimekuta shamba la vichaka vyenye maua meupe yaliyochovywa unjano, laini kama hariri. Kwetu ni migomba na kahawa, sijawahi kuona kitu kama hicho. Nimechuma moja dereva akiwa kichakani. Jioni, tone la gundi, pap! Jenerali amechanua. Nani atajua?

Jumamosi, 8 Machi

Alfajiri nimefunua ndoo niliyomfunikia Jenerali. Ua limegeuka pinki! Halafu nikaona ni baraka: ua linalobadilika rangi lina hadhi kuliko ua la kawaida.

Akina mama wameingia. Mwangaluka, mwangaluka, salamu zao za Kisukuma. Nikasimama kabla ya sala, nikaeleza kwa dakika kumi. Theluji ya Ajentina. Uvumilivu wangu. Kwamba jana lilikuwa jeupe na leo ni pinki, na hakuna ua jingine duniani lenye tabia hiyo.

Kisha Mama Anyes, mwenyekiti wa jumuiya, akaniuliza kwa upole kama nimepanda kwa mistari, na dawa ya funza nitapiga lini. Mwingine akataka kujua kama nimeshajiandikisha chama cha msingi cha wakulima. Kibaraza kikalipuka. Mama Nyanjige alicheka mpaka akakaa chini, mkono ukiwa bado na bandeji. Akasema ameilima pamba tangu hajaota meno ya magego: siku ya kwanza ua jeupe, ya pili jekundu, ya tatu linaanguka. Langu halikungoja siku ya tatu. Liliangukia kitabu cha nyimbo.

Pamba! Mimi naijua ikiwa kwenye malori!

Judica hakucheka. Alinionyesha kiganja. Kile kidude, amekipasua kwa wembe: ndani petali nyekundu, zimekunjwa vizuri, zilikuwa zinangoja siku zake. Nikataka kulia. Miaka minne, na ua la kwanza nimelitupa kwa mkono wangu.

Jumapili, 9 Machi

Tumehama. Jenerali anaishi na jogoo. Mama Nyanjige amelainika kidogo: jumuiya itarudi hapa baada ya Pasaka, na nikiwa na ua la kweli atanirudishia nusu ya kibaraza. Judica ameshauri nisimguse Jenerali kabisa, kitumba kingine kitakuja chenyewe. Wivu ulioje!

Kosa langu lilikuwa moja tu, kuchagua pamba. Nikitoka kanisani nimeona shamba lenye maua mengine, meupe yenye zambarau kwa mbali, mfano wa kengele. Ekari mbili nzima! Nimeuliza ni la nani. La Mama Anyes. Vizuri sana. Mtu mwenye maua mengi kiasi hicho hana nafasi ya kulitazama moja.

Nimeshanunua gundi.