Mgeni Asipewe Hata Chai

Habari ilitoka kwenye redio ya Ndeti, kama habari zote za kwetu, ikiwa imechelewa na inakwaruza. Ndeti tunamwita Antena. Redio yake ilivunjika antena zamani, akachomeka kipande cha waya, na sauti haisimami mpaka yeye mwenyewe aushike ule waya. Kwa hivyo mkono ukimchoka, taifa zima linanyamaza. Jioni hiyo alivumilia mpaka mwisho: wafadhili wa ng'ambo wametenga pesa za kusaidia sehemu kavu zijiandae na maafa kabla hayajafika, na wajumbe wao wameingia Machakos kujionea wenyewe.

"Kabla hayajafika?" Yahya akauliza, birika mkononi. "Basi wameyapita njiani."

Ulikuwa mwaka ule wa ukame uliokuja baada ya mvua za El Nino, mwaka ambao ng'ombe walikuwa wakitembea na mifupa yao nje kama nguo za kuanika. Kijiwe chetu ni benchi mbili kando ya stendi ya magari, katikati jiko la Yahya, muuza kahawa wetu. Babu yake alitoka Pwani. Yeye mwenyewe hajavuka Mtito Andei kwenda huko, lakini akitaka kukukosoa Kiswahili chake kinanyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Sisi wengine chetu tunakiendesha kwa gia ya Kikamba, na tunafika.

Munyiva alikuwa amekaa pembeni na vyondo vyake, vikapu vya kusuka vilivyokosa mnunuzi sokoni, akingojea gari la kurudi Ekalakala. Huko ndiye mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha majirani wanaolimiana na kujengeana bila kulipana. Kwa miaka amekuwa akisema jambo moja: wakipata ghala, waweke nafaka mwaka wa mavuno, ili mwaka wa njaa wasikae barabarani kungojea lori la msaada. Amelisema sana mpaka tukambatiza Mama Ghala.

"Hao wageni wanakuja kwangu," akasema. "Kesho kutwa. Chifu ameniambia."

Tukatazamana. Hakuna aliyempongeza, maana wote tulikumbuka mgeni wa mwaka jana.

Mwaka jana alikuja mzungu mmoja mrefu mwenye kofia, naye pia kuangalia kama Ekalakala wanastahili ghala. Sasa wewe mwambie Mkamba kuna mgeni anakuja halafu umwambie asichinje. Munyiva na wenzake waliazima viti kanisani wakavifunika vitambaa. Waliazima mbuzi kwa shemeji yake, ambaye mpaka leo anamuulizia mbuzi wake kila wakikutana. Mchele ulitoka mjini, na Zamzam, mke wa Yahya, akapanda gari na sufuria yake kubwa kwenda kupika pilau. Akina mama walivaa vitenge vya harusi wakaimba. Mgeni akala, akaongeza, akalamba vidole, akashukuru kwa Kikamba. Kisha akaenda kuandika kwamba watu wa pale wana mifugo, wana mchele, wana furaha, wasaidiwe wengine kwanza.

"Pilau ile ndiyo ilituponza," Antena akasema.

"Pilau haina kosa," Yahya akajibu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mgeni alikuja, mwenyeji akakonda."

Hapo ndipo Urbanus alipokohoa. Urbanus tunamwita Proposo. Yeye ndiye huandikia vikundi proposal, yale maombi ya ufadhili. Hajawahi kukosa kuandika, ni pesa tu ndizo hukosa kuja. Akaeleza kwamba ufadhili una sheria zake, na sheria ya kwanza ni kwamba njaa lazima ionekane. Kwa hivyo safari hii hakuna viti, hakuna vitenge, hakuna wimbo. Kuku wafungiwe kwa jirani, wasije wakapita mbele ya mgeni wakiwa wamenenepa.

"Hawajanenepa," Munyiva akasema.

"Basi wapite. Lakini mgeni asipewe hata chai."

Munyiva akashika kifua. Akauliza mtu anatoka ng'ambo, anavuka bahari, anafika mlangoni kwako, unamwangalia tu kama mnyama wa mbugani? Yahya akasema Uislamu haujui mgeni anayeulizwa kwanza ana pesa gani. Proposo akasema wachague: heshima ama ghala. Antena, ambaye mkono ulikuwa umemchoka na redio imenyamaza, akauliza kwa upole, "Mwaitu, mama yetu, watoto wa Ekalakala wanakula nini jioni hii?"

Munyiva akainuka. Akakusanya vyondo vyake. Alipokuwa akipanda gari akasema, bila kutuangalia, kwamba sawa, hatampa kitu, na Mungu atusamehe sote.

Siku ya soko iliyofuata tulifika mapema kuliko wauzaji. Proposo alikuwa amevaa tai. Munyiva akaja na vyondo vyake, akakaa, akaomba kahawa, akainywa taratibu kwa makusudi ya kututesa.

Mwishowe akasema mgeni alikuwa mmoja tu, mwanamke, nywele nyeupe, na kijana wa kumtafsiria. Wakamkalisha kwenye kigogo cha mti. Hakuna aliyeimba. Kamanthe jirani yake, ambaye hajawahi kuona mgeni akakosa kuinjika maji, ilibidi akalie mikono yake. Mgeni akatazama huku na huku, kisha akamuuliza Munyiva swali. Akasema, mwenzangu wa mwaka jana aliona hapa mbuzi, mchele, nyama na soda. Hivyo vyote vilienda wapi?

"Nilikuwa nimekufundisha," Proposo akadakia. "Ukame, mabadiliko ya hali ya hewa, uchache wa rasilimali."

"Yote yalinitoka," Munyiva akasema. "Nikamwambia ukweli. Alivila huyo mwenzako."

Kahawa ilimpalia Antena.

Yule kijana, akaendelea Munyiva, alikataa kutafsiri. Mgeni akamlazimisha. Akasikia, akauliza tena: na siku hiyo nyinyi mlikula nini? Munyiva akamjibu kwamba wao walikula harufu. Mama yule akainuka kwenye kigogo, akaenda mpaka jikoni, akafunua chungu mwenyewe. Ndani kulikuwa na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, bila hata punje moja ya maharagwe. Akaomba apakuliwe.

"Na ukampa?" Proposo akauliza kama mtu anayeuliza habari za msiba.

"Ningemnyima? Aliomba mwenyewe. Nikampa na kigoda. Akakula, akitafuna polepole, yale mahindi unayajua, ni kama kutafuna kifungo. Alipomaliza akasema ghala litajengwa."

Yahya akamshukuru Mungu kwa Kiarabu na Antena akamshukuru kwa Kikamba. Proposo akafungua kifungo cha koti na kutukumbusha ni nani aliyesema mgeni asipewe chakula cha kifahari. Yahya akamwambia muthokoi si ushauri wake, ni chakula, ashukuru kwamba hakutiiwa. Tukacheka mpaka watu wa stendi wakageuka. Munyiva tu ndiye hakucheka. Alikuwa akizungusha kikombe.

"Kuna kitu moja imebaki," akasema. "Siku ya kufungua ghala atakuja yeye na wakubwa wake. Na D.O. wa tarafa. Na chifu. Na magari ya wanasiasa, sijui mangapi. D.O. ametuma neno, anasema siku hiyo asione muthokoi. Anataka chakula ya kueleweka, wilaya isiaibike."

Kicheko kikakatika kama redio ya Antena.

"Mzee Yahya," Munyiva akasema kwa sauti laini, "mama Zamzam hajambo? Na ile sufuria?"

Yahya akasema Zamzam amesafiri kwenda Mombasa. Sote tulikuwa tumemwona asubuhi akinunua vitunguu ng'ambo ya barabara, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumkosoa. Munyiva alishamgeukia Proposo, anayefuga kondoo kule Kyumbi. Proposo akakumbuka kuna kikundi kinamngojea akiandikie ombi, akaondoka na tai yake begani. Antena akasema betri zimeisha, anakimbilia dukani kabla halijafungwa. Akakimbia. Redio akaiacha benchini, na bila mkono wake haikusema lolote.

"Watu wa kujiandaa na maafa ni hawa," Munyiva akasema, akinihamia kwenye benchi langu.

Mimi kahawa yangu ilikuwa bado ya moto, sikuweza kuimeza nikakimbia. Ndiyo sababu mbuzi wa ufunguzi alitoka kwangu.