Vijiji Vilivyozaliwa kwa Kuulizwa

Bunda, Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimemaliza kuandika programu ya kompyuta ya orodha ya chanjo: kila kijiji cha chama chetu cha wafugaji, na wenye ng'ombe wake. Ijumaa Mwenyekiti, Mzee Nyamhanga, anachagua karani wa kudumu. Ni mimi na kompyuta, au Lilian na daftari. Lilian kaniuliza kama kompyuta yangu imewahi kukanyaga mavi ya ng'ombe. 

Jumanne, 10 Juni
Nimeijaribu kwa maswali ya hovyo, kwa majina ya vijiji niliyoyabuni. Je, Ziwani kuna mfugaji Lilian? Hakuna. Mawinguni je? Hakuna. Kwa Shemeji? Hakuna. Majibu sahihi. Nikachapa orodha: vijiji arobaini na kimoja. Lilian ana thelathini na nane. Nikampa Mwenyekiti bila kuisoma. Kasema kumbe binti anarukaga watu. Siku njema.

Jumatano, 11 Juni
Gari la chanjo limetoka na orodha yangu. Zamu ya kwanza: Ziwani. Saa nane dereva, Shomari, kapiga simu kutoka Kibara. Kila aliyemuuliza kamwonyesha maji. "Kaka, mimi naendeshaga gari, siendeshagi mtumbwi." Barafu ya kupoza chanjo imeyeyuka, dozi mia mbili zimeharibika. Nyangi wa Manyamanyama, aliyefungia ng'ombe wake zizini tangu alfajiri akisubiri sindano, kaja ofisini na fimbo. Nilitokea mlango wa nyuma.

Alhamisi, 12 Juni
Kosa nimelipata. Ukiiuliza programu habari za mtu wa kijiji isichokijua, inakiandika kijiji kwanza, ndipo inajibu kwamba mtu hayupo. Lugha niliyoitumia ina tabia hiyo: inajenga zizi kabla ya kuuliza kama kuna ng'ombe. Dawa ni kuuliza kwanza kama kijiji kipo. Lilian kasema kwao Butiama mtu akiuliza njia hajengewi nyumba. Hiyo nitaiandika baadaye; kwa sasa nimevifuta vyote vitatu.

Ijumaa, 13 Juni
Kabla ya kikao nikahakikisha vimefutika. Je, Ziwani bado kuna mfugaji Lilian? Hakuna. Mawinguni? Hakuna. Kwa Shemeji? Hakuna. Safi. Nikachapa. Lilian kaomba ahesabu mbele ya wajumbe. Alihesabu kwa sauti, polepole, hadi arobaini na moja.

Kazi kapewa yeye. Mwenyekiti kanishauri ninunue daftari.

Nasikia tawi la Musoma wanatafuta karani. Nimeiuliza programu kama Musoma kuna mfugaji Lilian. Hakuna. Nimechapa orodha. Kesho nasafiri.