Kodi ya Sebuleni Kwangu

Jumatatu, 3 Juni
Shajara yangu, salamu nyingi. Baba watoto hajambo, kikohozi tu. Bibi hajambo, ila masikio hayasikii tena. Kitindamimba hajambo. Binti yangu mkubwa ndiye sijui nikuambie nini. Tangu mchezo wa televisheni aliokuwa akiigiza ufungwe kwa ukata, amelala kageukia ukuta. Sahani inarudi kama ilivyokwenda.

Leo redio imesema kampuni za nje zinazoleta filamu kwa mtandao zitatozwa kodi, iwasaidie wasanii wa hapa. Lini? Mwakani, bunge likikubali. Mwakani! Mwanangu atakuwa mifupa. Nimeamua kuanza mwenyewe. Majirani huja kwangu kila jioni kutazama tamthilia ya kigeni. Sasa watazame kwanza kanda ya mchezo wa binti yangu. Hiyo ndiyo kodi.

Jumanne, 4 Juni
Wamelipa, wamenuna. Binti yangu kaigiza maiti. Nikawaambia waone alivyotulia. Jirani yetu mwashi akasema maiti anapumua. Wakacheka wote, hata bibi asiyesikia. Nikarudisha nyuma kuwathibitishia kwamba hapumui. Anapumua. Kidogo tu!

Jumatano, 5 Juni
Sebule tupu. Wamehamia kwa fundi cherehani, tunayepakana naye ukuta. Anatangaza mlangoni kwamba kwake hakuna ushuru. Mwanamke yule! Nikawaita kwa chai. Walipoingia nikafunga mlango, ufunguo kifuani. Mwashi katorokea dirishani. Kaenda na pazia langu.

Alhamisi, 6 Juni
Binti katoka chumbani. Nikasema alhamdulillahi. Kumbe siku zote alikuwa anasikia. Kaniambia taratibu, "Mama, mchezoni nilikufa mara moja. Wewe unanizika kila jioni."

Kavaa kandambili, kaenda kwa fundi cherehani kuomba afundishwe kushona. Kuigiza basi tena. Nimelia jikoni, nikasingizia kitunguu. Hata kitunguu chenyewe hakikuwepo.

Ijumaa, 7 Juni
Nasikia cherehani ukutani. Ni yeye. Anakosea, anafumua, anaanza upya. Jioni kala nusu sahani.

Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Kosa nimeliona: kodi haikuwa mbaya, sebule ndiyo ndogo. Kwa fundi wanajaa hadi barazani! Kesho nampelekea ule mchezo autangulize kabla ya tamthilia. Nitasema ni shukrani ya kumfundisha mwanangu. Mwashi akae mbali na dirisha.

Shajara, kama una shauri jingine, nijibu upesi. Watu huanza kukusanyika magharibi.