Neno la Siri la Geti la Amarat

Jumatatu, 2 Machi 2015
Nondo nne za ujenzi zimepotea tena, mchana kweupe. Msimamizi wetu, Mzee Fortunato, ameniita mbele ya mafundi wote. Akasema nikishindwa kulinda jengo hili, geti atampa Saturnino. Saturnino ni askari wa jengo la jirani. Ana sare, ana filimbi, ana tumbo. Mimi nililinda ghala la chakula katika kambi ya wakimbizi ya Adjumani, Uganda, miaka sita na halikupotea hata gunia moja. Panya siwahesabu. Hoteli ya ghorofa tatu inayojengwa hapa mtaa wa Amarat, katikati ya vita, hailindwi kwa filimbi.

Jumanne, 3 Machi
Mpango umekamilika: neno la siri. Asiyelijua haingii. Nimechagua "kinyonga". Nimewanong'oneza mafundi sikioni, mmoja mmoja, wote kumi na wanne. Natalina, mama anayeuza chai pembeni mwa geti, akauliza itakuwaje kama mwizi ni mmoja wa hao kumi na wanne. Nikamwambia achunge birika lake. Watu wengi hawaelewi usalama.

Jumatano, 4 Machi
Neno linafanya kazi vizuri mno. Mafundi wawili walilisahau, wakakaa nje mpaka saa tano. Mmoja alisema "mjusi". Alikaribia, lakini geti halifunguliwi kwa kukaribia. Mzee Fortunato naye nilimzuia, maana sikuwa nimemwambia. Akapanda ukuta. Nimeandika jina lake daftarini. Saturnino alicheka mpaka filimbi ikamdondoka. Wivu huo.

Alhamisi, 5 Machi
Siku kubwa. Lori la simiti limefika. Tangu vita vianze Desemba ya mwaka juzi, simiti ya Uganda imekuwa adimu kuliko nyama. Hili lilikwama mpakani Nimule siku tisa likisubiri msafara wa wanajeshi. Dereva, Mganda mwenye vumbi hadi kwenye kope, akapiga honi. Nikamwuliza neno la siri.

"Neno gani? Mimi iko na simiti. Mifuko mia tatu."

Nikamweleza kwa upole kwamba simiti silo neno.

"Ndugu yangu, huko njiani walitupiga risasi. Fungua tu."

Huruma ilinishika. Lakini mwizi mwerevu angesema hivyohivyo. Nikamrudisha.

Saturnino akafungua geti lake wazi, akamwita dereva kama shemeji yake. Muda si muda simiti yetu ikaanza kushushwa kwa jirani. Nilisimama imara. Mlinzi haachi geti lake.

Natalina ndiye aliyeacha birika motoni akakimbia kumwita Mzee Fortunato. Walikuta mifuko mia na arobaini imeshashuka. Chini ya turubai la Saturnino wakakuta na nondo zetu nne. Fundi wetu mmoja alikuwa akimpitishia juu ya ukuta. Wote wawili wamefukuzwa. Ieleweke: bila neno langu la siri, lori lisingeingia kule, na nondo zisingeonekana. Nimemkumbusha mzee hilo mara tatu. Ameshika kichwa kwa mikono miwili. Amezidiwa na shukrani.

Ijumaa, 6 Machi
Mafundi wameshinda wakirudisha mifuko mgongoni, na kila anayepita ananitazama. Heshima hiyo. Kisha mzee akatoa uamuzi. Getini atakaa Natalina, kwa kuwa anajua sura ya kila mtu hapa. Mimi nilinde lundo la mchanga nyuma ya jengo. Natalina akaniletea chai, akasema, "Malesh, Cirillo." Pole ya nini? Bila mchanga hakuna zege, bila zege hakuna hoteli. Nimekabidhiwa moyo wa jengo.

Jumamosi, 7 Machi
Nimelizungushia lundo kamba. Tangu asubuhi mafundi watatu wamekuja na makoleo kuchukua mchanga, wakidai ni wa kazi. Nimewazuia wote. Kazi imesimama jengo zima tangu saa tatu. Namwona Mzee Fortunato anakuja huku mbio, bila shaka kunipongeza. Mchanga upo wote. Haijapotea hata punje.