Gari Lililokataa Kumbeba Mama Mkwe

Ndugu zangu, leo nimeaibika mbele ya wakwe, na nimeona niwaandikie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wauza maziwa. Niko hospitalini Masisi, nimekaa barazani, matope mpaka magotini. (Vile viatu vyangu vya kanisani vimekwisha. Msiniulize.)

Jana jioni ng'ombe alimchoma mama mkwe pembe kwenye paja akiwa anamkamua. Asubuhi mguu ulikuwa umevimba na mwili unawaka homa. Papa mkwe akasema ni hospitali tu, tena mapema, mguu usije ukaoza. Wanaume wa Bihambwe, kijijini kwa wakwe, walikuwa wameshaleta kipoyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa begani. Mimi nikawaambia wakirudishe. Mama ana mkwe mwenye gari, halafu abebwe begani? Nilisema hivyo kwa sauti, na kila mtu alinisikia.

Gari lenyewe mnalijua. Ni ile kamionete niliyoinunua kwa mzungu aliyerudi kwao, na imepita mikono mitatu kabla ya yangu. Jana ilibeba maziwa ikarudi salama. Leo nikachota esansi, yaani petroli, kwenye pipa kwa bidoni, lile dumu la plastiki, nikaitia kwenye tangi, tukamlaza mama mkwe nyuma juu ya majani, nikazungusha manivele, kile chuma cha kuwashia injini, pale mbele. Ikawaka. Ikakohoa mara tatu. Ikanyamaza.

Nikavua koti. (Fundi wa kweli huanza kwa kuvua koti.) Nikatoa buji, zile plagi za injini, moja baada ya nyingine, nikazisugua, na cheche nikaziona. Basi si umeme. Nikachovya kijiti kwenye tangi: limejaa. Basi si njaa. Nikakaza nyaya, nikapuliza mipira ya esansi, nikazungusha tena mpaka kiganja kikachubuka. Mama mkwe alikuwa anasaga meno tu, na kila nilipoyasikia yale meno nilizidi kuchanganyikiwa.

Papa Elia, muuza mawese wa kutoka Walikale, akapita na mzigo wake. Akasimama, akaniuliza kwa heshima kama nimeshafungua kabureta. Nikamjibu kwamba mambo ya gari si mambo ya mawese. Akatua mzigo, akakaa pembeni.

Kisha nikafanya jambo ninalolionea haya kuliko yote. Nikasema kuna mtu amelichezea gari langu, na nikamtaja shemeji yangu Bosko kwa sababu jana alikalia usukani. Bosko, mtu mzima, baba wa watoto wawili, akaapa mbele ya baba yake kwamba hakugusa kitu. Sikumwamini. Nikaagiza gari lisukumwe mteremkoni. Wakasukuma watu kumi na wawili, mama mkwe akiwa ndani, anarushwa kwenye kila jiwe. Likashuka kilima kizima bila kuwaka, likaenda kutulia bondeni kwenye matope. Hapo ndipo nilipomsikia akilia mara ya kwanza.

Papa Elia akatufuata polepole. Kumbe alitumika miaka mingi kwenye pompi za mgodi. Hakuniomba ruhusa. Alifungua kabureta, akamwaga kilichokuwamo juu ya jiwe, akawasha kiberiti, akakigusisha pale. Kiberiti kikazimika.

"Hii haiko esansi," akasema. "Iko maji. Esansi inaelea juu, maji inakaa chini, na gari inakunywa ya chini. Nani alisafisha bidoni?"

Mimi nikawa nachunguza tairi. Mke wangu Felisita, ambaye hajui kudanganya (nilimsifu kwa hilo siku ya harusi), akajibu, "Ni yeye mwenyewe. Aliiosha asubuhi mara mbili, na maji ya moto."

Ni kweli. Ninyi mnajua malezi yetu: chombo hakitiwi kitu kabla hakijaoshwa. Nimeosha vyombo vya maziwa tangu nijue kutembea. Bidoni ilikuwa na vumbi, papa mkwe alikuwa ananiangalia, nikaona aibu kutumia chombo kichafu mbele yake. Nikaosha, nikasuuza, sikungoja ikauke.

Kufungua tangi chini ili maji yatoke haikuwezekana, skrubu yake imeshikwa na kutu. Papa mkwe hakunitukana. Alisema tu kipoyi kirudi. Jua lilikuwa limeshapanda. Nikamwomba Bosko msamaha, naye akanionyesha pembe ya nyuma ya kipoyi, upande mzito. Na kile kilima nilichomteremsha mama mkwe, ilibidi kwanza tumpandishe.

Njiani sauti yake ndogo ikatoka chini ya blanketi.

"Hii njo gari ya kweli," akasema. "Iko na miguu munane, na haikohoe."

Wabebaji wakacheka. Mimi nililia, siwafichi.

Tumefika saa tisa. Daktari akauliza kwa nini tumechelewa hivi na kidonda cha namna hii, na watu wote wakageuka kuniangalia. Amekisafisha. Anasema kesho ndipo atajua kama mguu utabaki au utakatwa.

Ukibaki, chekeni mpaka mchoke, hata mimi nitawasaidia. Ila kwa leo, ndugu zangu, nawaomba mtu asicheke.